Kuchagua Mashine ya Kupozea Maji: Somo kwa Vikundi vya Uzalishaji

Mkopo wa halmashauri hautozwi riba, lakini hurejeshwa. Sharti hilo linafahamika kwa kila kikundi kinachonufaika na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo lisilofahamika vya kutosha ni kwamba uamuzi mmoja wa ununuzi unaweza kukiwezesha kikundi kulipa marejesho yake kwa wakati, au kukiacha na deni lisilo na mazao.

Mashine ya kupozea maji ni miongoni mwa vifaa vinavyohitaji uamuzi wa namna hiyo. Inatumika katika kilimo cha bila udongo, yaani haidroponiki, katika matangi ya samaki wa mapambo, katika ufugaji wa samaki wa maji baridi na katika vituo vya kukusanyia maziwa. Bei yake si ndogo, na baada ya kununuliwa huendelea kudai umeme kila siku. Ikiwa ndogo kuliko kazi, hufanya kazi mchana kutwa bila kufikia ubaridi uliokusudiwa. Ikiwa kubwa kupita kiasi, fedha ambazo zingenunua mbegu na virutubisho huwa zimefungiwa ndani ya chuma. Somo hili linaeleza namna ya kupima hitaji, kusoma maelezo ya mtengenezaji na kuihakiki mashine kabla ya kuipokea.

Kwa nini maji ya moto ni tatizo

Mizizi ya mmea na samaki wana hitaji moja linalofanana: hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji yanapopata joto, uwezo wake wa kubeba oksijeni hupungua. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi joto 20 inaweza kubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni. Maji hayo yakifika nyuzi 30, kiasi hicho hushuka hadi takriban miligramu 7.5, sawa na upungufu wa karibu moja ya sita. Wakati huohuo, joto huongeza kasi ya upumuaji wa mizizi na samaki, hivyo mahitaji hupanda wakati akiba inashuka.

Katika haidroponiki, madhara huonekana kwanza kwenye mizizi. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa. Iliyoathirika hugeuka kahawia, huteleza inaposhikwa na hutoa harufu ya uozo. Mara nyingi chanzo ni vimelea vya Pythium, ambavyo hushamiri pale mizizi inapodhoofishwa na joto na uhaba wa oksijeni. Saladi hustawi vizuri maji ya mizizi yanapokuwa kati ya nyuzi 18 na 22. Nyanya na pilipili hoho huvumilia joto zaidi kidogo kuliko saladi.

Swali la kwanza: je, mashine inahitajika?

Kabla ya kuuliza bei, kikundi kinapaswa kuuliza kama mashine inahitajika kabisa. Wapo wazalishaji wengi ambao jibu lao ni hapana.

Mfugaji wa perege au kambale ni mmoja wao. Samaki hao ni wa maji ya uvuguvugu, na hukua vizuri katika nyuzi 25 hadi 30. Kuwapoza chini ya hapo ni kupunguza kasi ya ukuaji wao kwa gharama kubwa. Samaki hao wanapoonekana wakipanda juu na kupumua kwenye uso wa maji wakati wa joto, kinachokosekana ni oksijeni. Dawa yake ni pampu ya hewa, kivuli, kupunguza chakula na kubadilisha sehemu ya maji.

Mwenye tangi la kioo la samaki wa mapambo katika hoteli au ofisi anaweza pia kuwa hahitaji mashine. Samaki wengi wa mapambo wa ukanda wa joto huishi vyema kati ya nyuzi 24 na 28, na chumba chenye kiyoyozi huweza kuyaweka maji katika kiwango hicho chenyewe. Hali ni tofauti kwa tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe, kwa kuwa matumbawe hupauka na kufa joto linapozidi kiwango chake cha kawaida kwa muda mrefu. Ni tofauti pia kwa mfugaji wa trauti, samaki wa mito ya milimani anayehitaji maji baridi mwaka mzima.

Mkulima wa saladi katika nyanda za juu zenye baridi anaweza kuendelea bila mashine, ilhali mwenzake wa ukanda wa pwani akashindwa kabisa kuvuna katika miezi ya joto. Kwa hiyo uzoefu wa wilaya nyingine hauwezi kuhamishwa bila kupimwa upya mahali husika.

Kuzuia joto ni nafuu kuliko kuliondoa

Kila kiasi cha joto kinachozuiwa kisiingie majini ni kiasi ambacho mashine haitalazimika kukiondoa. Hatua zifuatazo zinapaswa kukamilika kabla ya kupima ukubwa wa mashine, kwa sababu hubadilisha jibu la hesabu.

Kwanza, tangi liwekwe kivulini, nje ya kitalu nyumba, na lisiwe jeusi linalopigwa na jua. Pili, mabomba yanayopita juani yafunikwe, na yale meusi yapakwe rangi nyeupe au yavishwe sponji ya kuhifadhi baridi. Tatu, kitalu nyumba kiwe na wavu wa kivuli na matundu ya juu ya kutolea hewa moto. Nne, pampu isiwe kubwa kuliko inavyohitajika, kwa kuwa pampu iliyozamishwa majini huyatia maji karibu umeme wote inaoutumia ukiwa joto.

Tangi linaweza pia kufukiwa ardhini. Udongo wa kina cha mita 1 au zaidi haupandi wala kushuka joto kama hewa ya mchana na usiku. Hukaribia wastani wa joto la mwaka la mahali hapo. Katika nyanda za juu wastani huo unaweza kutosha wenyewe. Katika pwani hautaleta nyuzi 20, lakini utaondoa joto kali la alasiri.

Njia nyingine ni feni inayopuliza juu ya uso wa maji. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto, na maji yanayobaki hupoa kwa nyuzi kadhaa. Njia hii hufanya kazi vizuri katika maeneo makavu kama Dodoma na Singida, na hudhoofu katika hewa yenye unyevu mwingi kama ya Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar. Inapotumika, maji yaongezwe kila siku na ukolezi wa virutubisho upimwe, kwa kuwa maji huondoka na chumvi hubaki.

Kupima hitaji kwa barafu na kipimajoto

Baada ya hatua hizo, kikundi kinaweza kupima kiasi halisi cha joto kinachoingia majini. Vifaa vinavyohitajika ni kipimajoto kinachosoma hadi sehemu ya kumi ya nyuzi, saa na barafu.

Kipimo kifanyike siku ya joto kali, mimea ikiwa mahali pake na pampu ikizungusha maji kama kawaida. Barafu iwe ndani ya chupa, madumu au mifuko safi iliyofungwa, ili isipunguze ukolezi wa virutubisho. Maji yashushwe hadi kiwango kinachotakiwa, kwa mfano nyuzi 22, kisha barafu iondolewe. Kuanzia saa 8 hadi saa 9 mchana, ongezeko la joto liandikwe. Kwa mfumo wa lita 1,000 wenye maji ya nyuzi 29, barafu inayohitajika ni takriban kilo 70. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya mashine isiyofaa.

Ni muhimu kuanza na maji yaliyopozwa. Maji yaliyokwisha kupata joto la mazingira hayapandi tena kwa kasi, na mtu anayeyapima hayo atadhani mzigo ni mdogo. Joto huingia kwa nguvu zaidi kadiri maji yanavyokuwa baridi kuliko hewa inayoyazunguka.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kupoza lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 ndani ya saa 1 kunahitaji nguvu ya ubaridi ya wati 1.163. Hivyo:

Lita za maji yote × nyuzi zinazopanda kwa saa × 1.163 = wati za ubaridi.

Lita zihesabiwe za mfumo mzima, yaani tangi pamoja na maji yaliyomo kwenye mabomba na mifereji ya mimea.

Mfano ufuatao utaonyesha uzito wa jambo hili. Kikundi cha vijana 10 kina mfumo wa saladi wenye lita 1,000. Katika kipimo cha kwanza, tangi likiwa juani, maji yalipanda nyuzi 1.5 kwa saa. Hitaji ni 1,000 × 1.5 × 1.163, sawa na wati 1,745. Ikiongezwa akiba ya asilimia 30 kwa ajili ya siku za joto zaidi na uchakavu wa mashine, jumla ni karibu wati 2,300, yaani kilowati 2.3.

Kikundi hicho kikahamishia tangi kivulini, kikafunika mabomba na kurudia kipimo. Maji sasa yalipanda nyuzi 0.6 kwa saa. Hitaji likashuka hadi wati 698, na pamoja na akiba likawa karibu wati 900. Mashine inayotakiwa sasa haifikii nusu ya ile ya awali, na bili ya umeme itashuka kwa uwiano uleule. Turubai, rangi nyeupe na siku mbili za kazi ndivyo vilivyoleta tofauti hiyo.

Kusoma maelezo ya mtengenezaji

Kosa la kawaida sokoni ni kununua kwa kuangalia nguvu ya farasi, inayoandikwa HP. Nguvu ya farasi 1 ni wati 746, na kwenye mashine hizi hueleza ukubwa wa mota ya kompresa. Haielezi ni joto kiasi gani linaloondolewa majini. Mashine 2 zenye HP sawa zinaweza kutofautiana sana katika ubaridi.

Kipimo kinachotakiwa ni nguvu ya ubaridi, inayoandikwa kwa wati, kilowati au BTU kwa saa. Kilowati 1 ni sawa na BTU 3,412 kwa saa. Kwa mfano wa juu, kilowati 2.3 ni takriban BTU 7,850 kwa saa.

Hata hivyo, tarakimu hiyo pekee haitoshi. Mnunuzi anapaswa kuuliza ilipimwa katika hali gani: maji yakiwa na nyuzi ngapi, na hewa ya nje ikiwa na nyuzi ngapi. Mashine iliyopimwa katika hewa ya nyuzi 25 itatoa ubaridi mdogo zaidi katika hewa ya nyuzi 33. Vilevile, mashine hutoa ubaridi mdogo kadiri maji yanavyotakiwa kuwa baridi zaidi. Muuzaji anayeweza kutoa jedwali linaloonyesha mabadiliko hayo anaijua bidhaa yake. Anayejibu kwa lita pekee, kwamba mashine yake ni ya tangi la lita fulani, hajajibu swali, kwa sababu tangi la lita 1,000 lililo kivulini na lililo juani si mzigo mmoja.

Aina za mashine na malighafi zake

Mashine nyingi hufanya kazi kwa kanuni ya friji: kompresa husukuma gesi ya ubaridi, gesi hiyo huchukua joto kutoka majini na kulitoa nje kupitia kondensa na feni. Ndizo zinazofaa kwa uzalishaji. Zipo pia mashine ndogo zisizo na kompresa, zinazotumia bamba la umeme linalopoa upande mmoja na kupata joto upande wa pili. Hizo hutumia umeme mwingi kwa ubaridi kidogo, na zinafaa tu kwa matangi madogo ya samaki wa nyumbani.

Wapo wanaozungusha mpira wa maji ndani ya jokofu la kugandishia la nyumbani. Jokofu la aina hiyo huondoa joto la wati mia chache tu. Haliwezi kubeba mzigo wa wati 2,300, na kompresa yake haikuundwa kufanya kazi bila kupumzika. Wapo pia mafundi wanaogeuza kiyoyozi kuwa mashine ya kupozea maji. Kazi hiyo inawezekana kitaalamu, lakini hatari yake ipo kwenye bomba linalogusa maji. Bomba la shaba tupu huliwa na maji ya virutubisho na ya chumvi, na shaba inayoyeyuka ni sumu kwa samaki na mizizi. Sehemu inayogusa maji iwe ya titaniamu, ambayo hustahimili hata maji ya bahari, au ya chuma kisichoshika kutu kwa maji yasiyo na chumvi nyingi.

Aina ya gesi nayo iulizwe. Gesi ya R22 inaondolewa katika matumizi chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, na nchi zinazoendelea zimepangiwa kukamilisha uondoaji huo ifikapo mwaka 2030. Kununua mashine ya R22 kwa sababu ni rahisi ni kununua kifaa ambacho gesi yake itazidi kuadimika. R134a na R410A zinapunguzwa taratibu kwa Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, ingawa bado zinapatikana. R290 ni gesi ya propani; ni nzuri kwa mazingira lakini hushika moto, hivyo mashine yake ihudumiwe na fundi aliyefunzwa na iwekwe penye hewa ya kutosha.

Umeme na gharama zake

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 115 na mizunguko 60 haifai, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupwa. Mashine kubwa za fezi 3 zisinunuliwe kabla ya kuthibitisha kwamba huduma hiyo imefika kwenye eneo la mradi.

Kukadiria bili, nguvu ya ubaridi igawanywe kwa uwiano wa ufanisi wa mashine. Katika mazingira ya joto, uwiano wa 2.5 ni makadirio ya tahadhari. Mashine ya kilowati 2.3 za ubaridi hivyo hutumia karibu kilowati 0.92 za umeme. Ikifanya kazi saa 8 kwa siku, hutumia uniti 7.4, na kwa siku 30 ni takriban uniti 221. Tuseme uniti moja ni shilingi 350. Bili ya mwezi itakuwa karibu shilingi 77,000, bila kuhesabu pampu. Kiasi hicho kiandikwe kwenye andiko la mradi sambamba na marejesho ya mkopo. Mradi ambao faida yake haiwezi kubeba vyote 2 haujawa tayari.

Umeme unapokatika na kurudi ghafla, kompresa inayojaribu kuwaka papo hapo huweza kuungua. Kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme kwa dakika kadhaa na kukata volti zinaposhuka au kupanda mno, ni cha lazima. Kwa kuwa maji na umeme viko pamoja, njia ya umeme iwe na waya wa ardhini na swichi inayokata umeme unapovuja. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kifo cha mwanakikundi mmoja kwa mshtuko wa umeme hakilinganishwi na akiba yoyote iliyopatikana kwa kumtumia fundi wa mtaani asiye na leseni.

Kikundi kikiwa na betri au jenereta ndogo, kipaumbele kiwe pampu. Mimea inaweza kustahimili alasiri moja ya maji ya uvuguvugu, lakini katika mifereji yenye maji membamba mizizi hukauka haraka mzunguko unapokoma.

Mahali pa kufunga

Mashine haiangamizi joto, hulihamisha. Ile ya kilowati 2.3 za ubaridi hutoa nje takriban kilowati 3.2 za joto, yaani joto lililotoka majini pamoja na umeme uliotumika. Ikifungiwa ndani ya stoo au ndani ya kitalu nyumba, itavuta tena hewa moto iliyoitoa yenyewe, na ubaridi wake utashuka saa ileile unapohitajika. Iwekwe nje, kivulini, ikikingwa na mvua, na pande zake ziachwe wazi kwa umbali unaoelekezwa na mtengenezaji.

Maji yapite kwenye chujio kabla ya kuingia. Kila mashine ina kiwango cha chini cha mtiririko wa maji. Mtiririko ukipungua kwa sababu ya chujio lililoziba, maji yaliyo ndani yanaweza kuganda na kupasua bomba.

Tahadhari kwa vikundi vya maziwa

Hesabu ya maziwa inafanana, lakini muda ni mfupi zaidi. Kupoza lita 200 za maziwa kutoka nyuzi 35 hadi nyuzi 4 kunahitaji kuondoa takriban kilowati-saa 6.7 za joto. Kazi hiyo ikitakiwa kukamilika ndani ya saa 3, nguvu inayohitajika ni kilowati 2.2. Tarakimu hiyo inakaribia ile ya saladi, lakini mashine si ileile. Mashine iliyoundwa kuweka maji katika nyuzi 15 hadi 25 haitafika nyuzi 4, na ikilazimishwa huganda. Vikundi vya maziwa vinunue tangi maalumu la kupozea maziwa, au mfumo unaotengeneza akiba ya barafu usiku na kuitumia wakati wa mapokezi.

Kuihakiki mashine siku ya kuipokea

Malipo ya mwisho yasitolewe kwa kuona mashine imewaka. Kikundi kinaweza kupima ubaridi wake kwa ndoo, saa na vipimajoto 2. Kwanza, vipimajoto vyote viingizwe kwenye ndoo moja ili kuthibitisha kwamba vinasoma sawa. Kisha bomba la kutokea lielekezwe kwenye ndoo ya lita 20 na muda wa kujaa uandikwe. Ikijaa kwa sekunde 60, mtiririko ni lita 1,200 kwa saa.

Kipimo kifanyike alasiri, maji yakiwa karibu na kiwango kinachotakiwa. Yakiingia na nyuzi 23.0 na kutoka na nyuzi 21.4, tofauti ni 1.6. Hesabu ni ileile: 1,200 × 1.6 × 1.163, sawa na wati 2,233. Mashine iliyoahidiwa wati 2,300 imetimiza ahadi, kwa kuwa vipimajoto vya kawaida vina makosa madogo. Ikitoa wati 1,300, kikundi kina haki ya kudai maelezo kabla ya kulipa. Sharti la kipimo hicho liandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, pamoja na muda wa dhamana, upatikanaji wa vipuri na jina la fundi atakayeihudumia.

Matunzo na kumbukumbu

Mapezi ya kondensa yapigwe brashi kila mwezi, na mara nyingi zaidi wakati wa vumbi. Chujio lisafishwe kila wiki. Joto la maji lisomwe asubuhi na alasiri na kuandikwa kwenye daftari pamoja na usomaji wa mita ya umeme. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mashine nayo ni mali. Daftari likionyesha uniti zinapanda huku joto la maji halishuki, kikundi kitatambua mapema kwamba kondensa imejaa vumbi au gesi inavuja, na kumwita fundi kabla mazao hayajaharibika.

Mahali pa kupata msaada

Vikundi vinavyokusudia kuweka mashine ya kupozea maji kwenye andiko la mradi vinashauriwa kuanza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kwa masuala ya mkopo, na kwa Afisa Kilimo, Mifugo au Uvuvi kwa masuala ya kitaalamu. SIDO hutoa ushauri kuhusu mashine na biashara ndogo, na vyuo vya VETA hufundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, hivyo kijana mmoja wa kikundi anaweza kupelekwa kujifunza.

Andiko lifike ofisini likiwa na mambo 6: zao au samaki anayekusudiwa na joto analohitaji, lita za mfumo mzima, matokeo ya kipimo cha barafu baada ya kuweka kivuli, nguvu ya ubaridi iliyokokotolewa pamoja na akiba, makadirio ya bili ya umeme kwa mwezi, na nukuu za bei kutoka kwa wauzaji wasiopungua 2, kila moja ikionyesha hali ambayo ubaridi ulipimwa. Kikundi chenye majibu hayo kitakuwa kimejua, kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, kama mashine hiyo itakisaidia kurejesha mkopo.